Bubu na Kona Kumi na Nne

Nyumbani, mlimani
12 Aprili 2014

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku juu, za baridi lakini za moyo. Umefikaje ugenini? Unakula vizuri? Chumba kina joto? Usinijibu kwa neno moja kama ulivyozoea ulipokuwa shuleni. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, nalo ni zima ila lina maneno mengi.

Sasa nije kwenye kesi ya gari lako la umeme. Uliponiachia ufunguo ulisema, "Baba, hili halina taabu, wewe shika usukani tu." Nikakuamini. Jana nikalitoa kwa mara ya kwanza. Wewe unanijua: miaka thelathini na mmoja nimeendesha lori la mbao kwenye milima hii, na sijawahi hata siku moja kuondoka nyumbani na tenki lisilojaa. Kwa hiyo nililichomeka tangu jioni, asubuhi kioo kikaandika mia kwa mia, nikavaa kofia yangu ya kazi na kuanza kushuka kwenda mjini kupimwa presha.

Kufika kona ya kwanza nikanyanyua mguu, nikisubiri gari linizuie lenyewe kama ulivyoniahidi. Wapi! Likachanja mbuga. Nikatafuta gia ya kwanza, mkono ukashika hewa. Kona zote kumi na nne nimeshuka kwa breki za mguu, harufu ya kuungua imejaa ndani, na jirani yetu muuza maziwa, niliyempa lifti kwa roho safi, amekumbatia madebe yake akiniusia nimwangalie mkewe. Nikamwambia tuko wote humu ndani, nitamwangaliaje? Tulipofika chini alikataa kunipa mkono.

Tena halina hata mlio. Chombo kizima cha kumuua mtu kinakwenda kimyakimya kama mwizi. Nimelipa jina la Bubu. Niandikie upesi: nilirudishe kwa aliyekuuzia au nilifanye banda la kuku?

Akupendaye, ingawa leo kidogo,
Baba yako


3 Mei 2014

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za goti, na habari za muuza maziwa? Mimi sijambo kabisa, na chumba kina joto. Kazi nimeanza: natengeneza meno ya bandia katika karakana iliyo chini ya zahanati. Meza yangu iko dirishani, na siku nzima nimezungukwa na vinywa vya plasta vinavyonikenulia. Barua yako niliisoma wakati wa chai nikavunjika mbavu, hadi msimamizi akaja kuuliza kama nimepata habari mbaya.

Baba, gari ni zima. Kosa ni la kujaza. Bubu anaposhuka, magurudumu yanazalisha umeme na umeme huo unarudi kwenye betri. Huko kuzalisha ndiko kunakomzuia asikimbie. Sasa wewe ulimjaza hadi shingoni, umeme wa mteremko ukakosa pa kuingia, naye akakosa nguvu ya kukuzuia. Anayekaa bondeni anaweza kujaza mia. Sisi wa juu tunaishia themanini, inayobaki mlima unatupa bure. Na mimi nina lawama yangu, maana ningekumbuka kwamba mtu wa lori hatoki nyumbani na tenki pungufu.

Jambo la pili si la kucheka. Shangazi ananipigia kila Jumapili kunilaumu kwamba nimekutelekeza. Tangu Mama afariki nyumba ile ina mtu mmoja, basi linaishia bondeni, na daktari anataka akuone kila Jumatano. Naogopa, Baba. Naogopa siku utakayougua na usiwe na njia ya kushuka. Najua hutaki kuhamia mjini kwa Shangazi, na najua nyumba hiyo umeijenga kwa mikono yako, jiwe kwa jiwe. Basi tuwekeane mkataba. Maadamu Bubu anashuka na kupanda kwa chaji moja, kaa huko kwa raha zako. Siku atakaposhindwa kupanda, unafunga mlango na kuhamia mjini bila ubishi. Ukiniandikia, uniambie Jumatano hiyo amefika nyumbani na asilimia ngapi. Simu hatuelewani, kwa vile masikio yako yameliwa na dizeli, kwa hiyo itabidi nikuone kwa barua.

Binti yako akupendaye


22 Juni 2014

Mwanangu,

Marahaba, mama. Natumaini huna homa wala huzuni, na kwamba vinywa vya plasta vinakuheshimu. Mimi mzima, presha imeshuka, goti limenyamaza tangu juzi.

Nimejaza themanini. Mwanangu! Nimeshuka kona kumi na nne bila kugusa breki, na kule chini kioo kikaandika themanini na nne. Nimeshuka mlima nikapata faida! Miaka yote ya lori mlima ulikuwa unanila tu, breki, matairi, dizeli, na leo ndiyo mara ya kwanza umenipa kitu. Nilisimama pembeni nikacheka peke yangu. Muuza maziwa alikuwa nyuma na baiskeli yake, akasimama kunitazama, akaomba lifti mwenyewe. Tumerudiana.

Nyumbani nimefika na arobaini na moja. Mkataba nimeutia sahihi nyuma ya kalenda. Kwa shangazi yako siendi. Ni dada yangu na ninampenda, lakini yule anaosha kikombe wakati bado unakinywea. Mara ya mwisho nililala kwake siku mbili, nikaamka nikakuta amefua kofia yangu.

Baba yako


9 Agosti 2017

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Mgongo umepona? Ukiinama mno juu ya meno ya watu utapinda, nyanyuka kila saa. Mimi niko imara, nimeongezeka kilo mbili, daktari kanikemea.

Tumetimiza miaka mitatu na ushee mimi na Bubu, na sina budi kukiri hadharani kwamba nilimkosea heshima. Nimesahau harufu ya oili. Breki ni zile zile ulizoniachia, fundi alizitazama akadhani gari halitembei. Kazi yangu ni matairi na maji ya kufutia kioo, basi. Siku hizi wananiita kwa kila shughuli. Nimeteremsha wajawazito wanne na wote wamejifungulia hospitali kama inavyotakiwa. Mwezi uliopita mwalimu mkuu wetu alikwenda kuoa ndani ya Bubu, na kwa kuwa hakuna aliyesikia gari likiingia, walikaa ukumbini robo saa wakimlaani bwana harusi kwa kuchelewa, naye yuko mlangoni anasubiri kufunguliwa. Bibi harusi alikuwa ameshaanza kuvua viatu.

Jumatano hii nimefika na thelathini na tatu. Ni baridi hiyo.

Baba yako


14 Oktoba 2018

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu kama mwenyewe unavyodai. Mimi sijambo. Nimepandishwa cheo, sasa nafundisha wengine kuchonga meno ya mbele, yale ambayo yakikosewa mtu anaonekana sungura.

Nina barua zako zote kwenye kopo la biskuti. Jana nilizitoa nikaandika asilimia zako kwenye karatasi moja. Arobaini na moja. Thelathini na tatu. Ishirini na sita. Kumi na tisa. Ya mwezi uliopita, kumi na moja. Hiyo si baridi, Baba, ni betri inazeeka. Sikutishi, lakini mkataba unaukumbuka. Kwa nini usichomeke kwa Shangazi ukiwa mjini? Jaribu hilo kabla hujafika sifuri katikati ya kona.

Nakuombea kila siku.

Binti yako


27 Februari 2019

Mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa meno ya mbele. Habari za afya yako? Huku tumeshikwa na mafua kijiji kizima, mimi nimechungulia tu nikayakwepa.

Kwa shangazi yako tumejaribu. Anakaa ghorofa ya tatu, na Bubu anaegeshwa barabarani. Tukateremsha waya dirishani. Ukapita na vyungu vyake vitatu vya maua, ukamkwangua mpangaji wa chini aliyekuwa anaota jua, mwenye nyumba akaja juu kama moto. Imepigwa marufuku, imeandikwa hadi kwenye ubao wa matangazo mlangoni.

Lakini ondoa shaka. Jumatano iliyopita Bubu amefika nyumbani na arobaini na sita. Nadhani ameizoea njia.

Baba yako


5 Desemba 2020

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na mvua. Mimi ni mzima, mwaka umekuwa mgumu kwa kila mtu lakini karakana haijafungwa.

Nakuandikia kukusifu. Arobaini na sita, arobaini na nne, arobaini na nane! Msimamizi wangu ana gari kama letu, la mwaka ule ule, na anaapa haiwezekani, kwamba la kwake limechoka hoi na huku hakuna hata kilima. Nimemwambia hajakutana na baba yangu. Wenzangu kazini wameniomba nikuulize siri yako ni nini. Mimi nimewajibu kwamba ni mguu mwepesi wa dereva wa zamani. Nalala usingizi mzuri siku hizi, Baba, na ni kwa ajili yako.

Binti yako anayekuonea fahari


18 Mei 2022

Baba,

Shikamoo. Salamu nitazifupisha leo kwa sababu nina hasira, na sitaki kuichanganya na salamu. Ni mzima. Nawe natumaini hivyo.

Unakumbuka ulipompeleka Bubu kubadilishwa matairi, kwa yule fundi wa magari ya umeme aliyefungua karakana karibu na Shangazi? Fundi alimpima na betri. Shangazi amenisomea karatasi yake kwenye simu. Betri imebaki na nusu ya nguvu yake. Fundi anasema kwa nusu hiyo huwezi kutoka nyumbani, ufike mjini, na urudi. Unaishiwa bondeni, pale kona zinapoanza. Kisha Shangazi ananiambia kwamba mjini unaondoka saa sita mchana, na muuza maziwa anakuona ukiingia nyumbani saa kumi na moja jioni. Safari ya saa moja unaimaliza kwa saa tano! Unavutwa na trekta? Unasukumwa? Unalala barabarani?

Nimezitangaza asilimia zako mbele za watu, lakini aibu si kitu. Kinachoniuma ni kwamba miaka mitatu nimelala usingizi nikidhani najua uko salama, kumbe sijui chochote. Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Binti yako


2 Juni 2022

Mwanangu,

Marahaba. Hasira yako nimeipokea kwa mikono miwili, ni haki yako. Mwili wangu mzima, moyo ndio hauko sawa tangu nisome.

Sikudanganya hata asilimia moja. Ila sikusema yote. Januari ya mwaka 2019, wiki mbili baada ya ule mkasa wa vyungu, Bubu alinizimikia bondeni, kona ya kwanza naiona kwa macho. Pale kuna nyumba ya fundi cherehani, mjane, watoto wa bonde zima wanamwita Mama Vifungo. Nilibisha hodi na kofia mkononi, nikamwomba umeme. Hakuuliza mara mbili, akatoa waya dirishani. Baada ya saa tatu na nusu nikapanda hadi nyumbani bila tatizo. Tangu siku hiyo, kila Jumatano nachaji kwake, na zile asilimia ni za baada ya hapo.

Nilijitetea moyoni kama wakili. Mkataba unasema "atakaposhindwa kupanda", na Bubu hajashindwa, anapumzika kwanza. Lakini uliandika pia "kwa chaji moja", na hapo nimekamatika, sina pa kutokea. Nilikuficha kwa sababu niliogopa, mwanangu. Nikifunga mlango wa nyumba hii sitaufungua tena, najijua.

Umenishinda kihalali. Nipe mwezi mmoja nigawe kuku na nipange vitu vyangu, nitahamia mjini kama tulivyoandikiana. Shangazi yako nimeshamjulisha. Amefurahi, ameanza kufua mapazia.

Nisamehe.

Baba yako


20 Juni 2022

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Unakula? Usigawe kuku hata mmoja!

Nimelia, nikacheka, nikalia tena, vinywa vyote vya plasta vikinitazama. Baba, mimi sikutaka kukushinda. Nilitaka tu usibaki peke yako barabarani, kumbe hukuwa peke yako barabarani. Huo mkataba nauchana. Nimeuchana kweli, vipande viko ndani ya bahasha hii, uviunganishe na vya kwako nyuma ya kalenda uvitie jikoni viwashe moto.

Na nina habari njema kuliko hiyo. Tangu fundi atoe ile karatasi nimekuwa nikitafuta, na nimepata betri! Imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma likiwa halijamaliza mwaka, betri yenyewe haina hata mkwaruzo. Fundi ameikagua, imeshafika karakanani kwake, ataifunga kwa siku moja. Ni zawadi yangu ya miaka minane ya ukaidi wako. Kuanzia sasa utashuka na kupanda moja kwa moja kama zamani, bila kubisha hodi kwa mtu. Mfikishie Mama Vifungo shukrani zangu nyingi, umwambie hatasumbuliwa tena.

Binti yako mwenye furaha


11 Septemba 2022

Baba,

Shikamoo. U mzima kweli? Karibu miezi mitatu, hata mstari mmoja!

Fundi anasema betri inakaa karakanani inapigwa vumbi. Miadi ya kwanza ulisema una mafua. Ya pili ukasema mvua, na Shangazi anasema siku hiyo jua lilikuwa kali watu wanaanika magodoro. Ya tatu ukamtumia ujumbe kwamba unamsubiri kuku aangue. Baba, kuku anaangua mwenyewe. Kuna nini? Ulikasirika nilipokukemea? Au unaumwa na unanificha tena? Tafadhali, niandikie hata neno moja, safari hii nakuruhusu.

Binti yako


25 Septemba 2022

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, mama yangu. Siumwi, sina kinyongo. Nimeanza barua hii mara saba, na hii ya nane nimeapa haitaenda jikoni. Kaa chini kwanza, kama una kitu kinywani meza.

Ulipoandika kwamba Mama Vifungo hatasumbuliwa tena, nilihisi mtu kanimwagia maji ya baridi mgongoni.

Ngoja nikueleze chumba chake. Kina cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya kukanyaga, meza ndefu ya kukatia, na ukutani makopo ya vifungo, kila kopo limefungwa kitambaa kilichoshonewa kifungo kimoja ili ujue kuna nini ndani. Umeme wa nyumba ile ni mdogo. Bubu akichomekwa, pasi haiwezi kuwashwa na cherehani ya umeme nayo lazima izimwe, la sivyo fyuzi inaruka. Yaani kila Jumatano, kwa saa tatu na nusu, nilikuwa namsimamishia mtu kazi. Nikamwuliza mapema kabisa kama simtii hasara. Akanijibu, "Hapana, Jumatano ni siku yangu ya kazi za mkono." Nikaridhika, nikadhani ndiyo ratiba yake ya siku zote.

Ilinichukua mwaka mzima kugundua. Siku moja nilikwenda Alhamisi, kwa sababu Jumatano daktari hakuwepo, nikamkuta anapiga pasi. Akaniona dirishani, akachomoa pasi, akasukuma nguo zote pembeni, akavuta kikapu cha vifungo. Hapo ndipo nikaelewa kwamba hakukuwa na ratiba yoyote. Alikuwa analimbikiza vifungo na pindo wiki nzima ili mimi nikifika asiwe na kazi ya umeme. Niliketi nikamwomba sindano.

Mwanangu, sasa nashona vifungo. Baba yako wa lori! Mwanzoni nilikuwa nashona shati na suruali yangu pamoja, tukawa tunakata uzi kunitoa kitini. Sasa nimeiva. Sare za shule zote za bonde hili, ukiona kifungo kimekaza, ujue ni mkono wangu. Tunapiga soga. Hanipigii kelele ili nisikie, ananigeukia na kutamka taratibu, nami nasikia kila neno. Kuna siku hatuongei hata kidogo na saa zinakwisha hivyo hivyo. Mwanzoni Bubu akifika themanini nilikuwa natoka, kisha siku moja nikamwambia mwenye nyumba bado hajajaa, na tangu hapo nikawa namwacha hadi tisini. Nilikuwa nakuandikia asilimia huku naona haya, kwa sababu nilijua kila moja imetoka wapi.

Kumbe sikuificha betri tu. Nilimficha yeye. Mama yako alikuwa mke wangu kwa miaka thelathini na minne na sijui mtu anamwambiaje mwanawe jambo la namna hii. Na sasa umeninunulia betri ya kupita mlango wake bila kusimama. Ni zawadi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na sijui niifanyeje. Nikiifunga, nitasimama kwake kwa kisingizio gani?

Nijibu kwa upole.

Baba yako


9 Oktoba 2022

Baba,

Shikamoo, baba yangu mshona vifungo.

Nitasema yote kama yalivyokuja. Kwanza nililia kwa ajili ya Mama. Nilikaa kitandani na barua yako, nikamkumbuka akikufokea kwa sababu ya viatu vya matope, nikamlilia kama siku ile ya kwanza. Usiniombe radhi kwa hilo, halikuwa kosa lako, ilikuwa zamu yake tu ya kuliliwa. Halafu nikanawa uso, nikaisoma tena pale unapoomba sindano, na nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Miaka minane naogopa utaugua na usiwe na wa kumwita! Miaka minane namtuma Shangazi akupeleleze! Na huku kila Jumatano kuna mtu anachungulia dirishani kuona kama umefika. Nimefurahi, Baba. Nimefurahi hadi najisikia mwepesi.

Sasa sikiliza, maana nitakuwa mkali kidogo. Nenda ukafunge betri. Hutaki kuifunga kwa sababu unaogopa kusimama bila sababu. Basi simama bila sababu. Mwanamke aliyekaa miaka mitatu na pasi baridi hahitaji kudanganywa kwamba gari limekuishia chaji. Dereva aliyeshuka milima hii na tani kumi za mbao mgongoni anaogopa mlango wa fundi cherehani? Piga moyo konde. Na kama atakukataa, ambalo sidhani, utafika nyumbani mapema ulishe kuku wako.

Niandikie siku hiyo hiyo.

Binti yako anayekupenda sana


4 Desemba 2022

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa, hata daktari kapima presha mara mbili akidhani kipimo kimeharibika.

Nimefunga betri. Jumatano iliyopita nimetoka mjini saa sita, nimefika bondeni Bubu ana sabini na tatu. Sikuhitaji hata moja. Miguu ilitaka kupita, nakwambia kweli, nilikuwa nimeshavuka nyumba yake mita hamsini, jasho linanitoka na dirisha liko wazi. Nikarudi kinyumenyume.

Yeye alikuwa ameshaniona. Pasi imezimwa, waya ameutoa dirishani, kama kawaida. Nikashuka nikabaki nimesimama. Akasema, "Mbona huchomeki?"

Nikamwambia, "Leo sihitaji umeme. Binti yangu kaninunulia betri mpya."

Akaanza kuukunja waya. Aliukunja polepole sana, anautazama waya tu, akasema, "Basi vizuri. Sasa utakuwa unawahi nyumbani." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini niliisikia.

Mwanangu, nilikuwa nimejiandalia hotuba tangu mjini. Yote ilinitoka kichwani. Nikasema, "Sitaki kuwahi. Nyumbani hakuna mtu." Kisha nikasema, "Nimesimama kwa ajili yako," na hapo kofia ikaniponyoka mkononi.

Akaiokota yeye. Akaipangusa vumbi, akaikagua kama fundi anavyokagua kazi ya mwenzake, akasema pindo lake limefumuka tangu mwaka juzi na alikuwa anasubiri nimwombe. Nikamwomba. Tukaingia ndani, na kwa mara ya kwanza nikiwa mle aliwasha pasi.

Yaliyofuata nitakusimulia ukija, mengine si ya barua. Tumekubaliana mwezi wa nne, shughuli ndogo. Chumba cha bondeni atabaki nacho kwa wateja, tutakuwa tunashuka pamoja asubuhi na kupanda pamoja jioni. Nyumba yangu sijaifunga wala sitaifunga. Ila alikuja kuikagua akasema mwanga hautoshi kutunga uzi kwenye sindano. Tumezunguka vyumba vyote, na chumba chako ndicho chenye dirisha zuri kuliko vyote. Cherehani ya kukanyaga imeshaingia. Ukija utalala sebuleni, na sitaki malalamiko.

Hapa chini kuna mtu amenyang'anya kalamu.

Baba yako

Mwanangu, salamu. Nitumie vipimo vyako upesi: mabega, kifua, kiuno na urefu wa mkono. Jipime upya, usikisie. Baba yako amenipa vya ulipokuwa na miaka kumi na sita, anasema hujabadilika.